Siku 14 za Oktoba: kuhesabu kodi ya mwezi usiotimia

Mpangaji anakabidhiwa funguo za chumba na sebule Iyunga, jijini Mbeya, tarehe 18 Oktoba. Kodi ni shilingi 90,000 kwa mwezi. Mwenye nyumba ana wapangaji wanane na anataka wote walipe tarehe mosi, kwa hiyo anamwambia mgeni wake alipie kwanza siku zilizobaki za Oktoba, kisha aweke kodi ya miezi sita kuanzia Novemba. Hizo siku zilizobaki ni shilingi ngapi?

Majibu utakayopewa ni haya: 37,742, 39,000, 40,645, 41,425, 42,000 au 45,000. Chumba ni kimoja, tarehe ni moja, na kila aliyejibu amegawanya vizuri kwenye simu yake. Kati ya hayo sita, moja tu ndilo kosa la wazi. Matano mengine yanatokana na makubaliano tofauti ambayo kwa kawaida hakuna aliyeyatamka. Ndiyo maana ubishi wa kodi ya siku hauishi kwa kutoa kikokotoo mfukoni. Wanaobishana hawahesabu kitu kimoja.

Siku ni ngapi?

Wengi huchukua 31, wakatoa 18, wakapata 13. Ndiko 37,742 ilikotoka, na hilo ndilo kosa la wazi. Ukitoa tarehe kwa tarehe, siku ya kwanza inadondoka. Mtu aliyeingia tarehe 31 angepata 31 toa 31, yaani sifuri, ilhali amelala usiku mzima chumbani. Hesabu sahihi ni hii: idadi ya siku za mwezi, toa tarehe ya kuingia, jumlisha moja. 31 toa 18 ni 13, jumlisha moja ni 14. Asiyeamini achukue kalenda ya ukutani aguse kila siku kwa kidole, kuanzia 18 hadi 31.

Siku ya kuingia nayo inahitaji kutajwa. Si siku uliyomlipa dalali, wala si siku ulipoleta kitanda kwa bajaji. Ni siku uliyopewa funguo na chumba kikawa kinakalika. Novemba mvua zikishika Mbeya, si ajabu kukabidhiwa chumba ambacho bati linavuja juu ya sebule na fundi ameahidi kuja "kesho kutwa". Kama mmekubaliana kwamba hutaingia mpaka fundi amalize, kodi ianze siku fundi alipomaliza, na tarehe hiyo iandikwe. Ukiingia huku ukinung'unika, siku zinahesabika.

Siku ya kutoka ndiyo yenye utata zaidi. Mpangaji akirudisha funguo saa tatu asubuhi na mwingine akaingia jioni ileile, mwenye nyumba akiwatoza wote wawili amelipwa siku moja mara mbili. Utaratibu unaofanya kazi vizuri ni kuhesabu siku ya kuingia kila mara, na siku ya kutoka kuihesabu isipokuwa funguo zimerudi kabla ya saa sita mchana. Mnaweza kuchagua saa nyingine, mradi ijulikane kabla mizigo haijafungwa.

Kugawanya kwa ngapi?

Sasa tuna siku 14. Kinachobaki ni kodi ya siku moja, na hapo ndipo njia zinapoachana.

Njia ya kwanza inagawanya kwa siku halisi za mwezi husika. 90,000 gawanya kwa 31 ni 2,903.23, mara 14 ni 40,645. Ubora wake ni kwamba haiwezi kuzidi kodi ya mwezi wala kupungua: aliyekaa Oktoba yote, siku 31, anarudi kwenye 90,000 kamili. Udhaifu wake ni kwamba bei ya siku inabadilika. Februari yenye siku 28 kila siku ni 3,214, Oktoba ni 2,903. Baadhi ya wapangaji huona wameonewa Februari. Hawajaonewa, kwa sababu mwezi mzima wangelipa 90,000 ileile.

Njia ya pili inagawanya kwa 30 daima. Siku ni 3,000, namba nzuri isiyo na senti, na wenye nyumba wengi wanaipendea hapo. Lakini ina mtego ndani yake, kwa sababu inazaa majibu mawili. Ukihesabu siku halisi 14 unapata 42,000. Ukisema kila mwezi uchukuliwe kuwa na siku 30, Oktoba pia, basi zilizobaki ni 30 toa 18 jumlisha moja, yaani 13, na jibu ni 39,000. Hivyo mkataba unaosema tu "kodi ya siku ni kodi ya mwezi gawanya kwa 30" haujamaliza kazi. Tena ukitumia siku halisi kwa kigawanyo cha 30, mtu aliyekaa siku zote 31 atadaiwa 93,000, zaidi ya kodi ya mwezi. Na aliyekaa siku 27 za Februari atalipa 81,000, akiwa amekosa siku moja tu lakini ameokoa 9,000. Mkiipenda njia hii, ongezeni sentensi moja: kodi ya siku zisizotimiza mwezi haitazidi kodi ya mwezi mzima.

Njia ya tatu inapitia mwaka. 90,000 mara 12 ni 1,080,000, gawanya kwa 365 ni 2,958.90, mara 14 ni 41,425. Bei ya siku haibadiliki Januari wala Februari, na inafaa sana kwa mkataba wa mwaka au kwa fremu ya biashara, ambako mahesabu hufungwa kwa mwaka. Mwaka mrefu, kama ulivyokuwa 2024, gawanya kwa 366.

45,000 nayo ina wazazi wawili. Mmoja ni desturi ya "nusu mwezi": ukiingia kabla ya tarehe 15 unalipa mwezi mzima, ukiingia baada yake unalipa nusu. Ni rahisi kukumbuka, ila inaumiza pembeni. Aliyeingia tarehe 28 Oktoba analipa 45,000 kwa siku nne, ilhali kwa siku halisi angelipa 11,613. Mzazi wa pili ni "mwezi una wiki nne". 90,000 gawanya kwa nne ni 22,500 kwa wiki, na siku 14 ni wiki mbili. Hili ni kosa linalojificha. Mwaka una wiki 52, si 48. Mpangaji anayelipa 22,500 kila wiki atakuwa ametoa 1,170,000 kwa mwaka badala ya 1,080,000, yaani amelipa mwezi mzima wa ziada bila kujua. Kodi ya wiki iliyo sawa na 90,000 kwa mwezi ni 1,080,000 gawanya kwa 52, takribani 20,770.

Ipi itumike? Kwa vyumba vya kuishi, siku halisi za mwezi. Haina sentensi za kurekebisha, kila mtu anaweza kuikagua kwa kalenda, na haimpendelei yeyote. Jambo moja la kuangalia ni kukadiria. Kadiria mwishoni, usikadirie katikati. Mtu anayeona 2,903 akasema "tuseme elfu tatu", kisha akazidisha kwa 14, amehama kutoka njia ya kwanza kwenda ya pili bila kujua na kuongeza 1,355. Zidisha kodi kwa siku kwanza, 90,000 mara 14 ni 1,260,000, ndipo ugawanye kwa 31. Jibu la mwisho likadirie kwenye mia iliyo karibu: 40,600. Pamoja na miezi sita ya 540,000, mpangaji wetu wa Iyunga analipa 580,600, na kodi yake inaishia tarehe 30 Aprili.

Mwezi wa tarehe kwa tarehe

Tuseme ukweli, nyumba nyingi za kupanga Mbeya, Iringa, Njombe na Makambako hazina habari na tarehe mosi. Mwezi unaanza siku uliyoingia. Aliyeingia tarehe 18 Oktoba amelipia hadi tarehe 17 Novemba, na kodi mpya inaanza tarehe 18. Hapa hakuna siku za kugawanya wakati wa kuingia, na kwa mwenye chumba kimoja au viwili huu ndio utaratibu mwepesi zaidi.

Unakosewa sehemu mbili. Ya kwanza ni kusema mwezi unaisha "tarehe 18". Ukirudia hivyo mara sita, pande zote mbili hazijui siku ya 18 ni ya mwezi gani. Mwezi huisha siku moja kabla ya tarehe ya kuingia. Ya pili ni walioingia tarehe 29, 30 au 31. Aliyeingia tarehe 31 Januari, mwezi wake wa pili unaanza lini, na Februari haina 31? Anzisheni siku ya mwisho ya Februari, kisha mwezi unaofuata rudini kwenye 31 Machi. Wengi wakishafika 28 Februari wanabaki na 28 moja kwa moja, na mpangaji anapoteza siku tatu za Machi alizokwishalipia.

Kuondoka kabla ya kodi kuisha

Hesabu inayogusa fedha nyingi ni hii, kwa sababu kwetu kodi hulipwa mbele, miezi mitatu, sita, hata mwaka. Mtumishi anahamishwa kutoka Iringa kwenda Songea, mwanafunzi anapata nafasi bwenini, na kodi bado ipo.

Kabla ya hesabu kuna swali la haki. Mkataba wa miezi sita ni wa miezi sita. Kama hakuna kipengele kinachoruhusu kuondoka mapema kwa notisi na kurudishiwa salio, mpangaji anayeondoka katikati anabaki kuomba, na mwenye nyumba anaweza kusema chumba kilikuwa chako, hukukitumia. Kwa upangaji wa mwezi kwa mwezi usio na muda maalumu mambo ni tofauti: hapo Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inatambua notisi isiyopungua kipindi chenyewe, yaani mwezi. Kwa hiyo kipengele cha rejesho kiwekwe siku ya kusaini, wakati wote wawili bado wanatabasamu.

Tuchukue kipengele kipo, notisi ni mwezi mmoja. Mpangaji amelipa 540,000 kwa miezi sita, 18 Oktoba hadi 17 Aprili. Anatoa notisi tarehe 10 Februari na kurudisha funguo tarehe 5 Machi. Kosa la kwanza la mpangaji ni kuhesabu hadi tarehe 5. Kurudisha funguo mapema hakufupishi notisi. Kodi inahesabiwa hadi notisi iishe, tarehe 10 Machi.

Hesabu miezi kamili kwanza. Hadi 17 Novemba mmoja, 17 Desemba miwili, 17 Januari mitatu, 17 Februari minne. Mwezi wa tano unaanza 18 Februari na kuisha 17 Machi. Una siku ngapi? Februari 18 hadi 28 ni siku 11, Machi mosi hadi 17 ni siku 17, jumla 28. Hapa wengi huteleza kwa kuandika 31 kwa sababu anaondoka Machi. Kigawanyo ni siku za mwezi wake wa kodi, si za mwezi wa kalenda anaotokea. Hadi 10 Machi ametumia siku 21, zimebaki saba. 90,000 mara 7 gawanya kwa 28 ni 22,500. Ongeza mwezi wa sita ambao haujaguswa, 90,000. Rejesho ni 112,500. Angehesabu hadi siku ya funguo, zingebaki siku 12, na rejesho lingekuwa 128,571. Tofauti ni 16,071, na hiyo yote ni gharama ya kutokuisoma notisi.

Kama mwenye nyumba amempata mpangaji mwingine akaingia tarehe 6 Machi, kudai kodi ya siku hizohizo kwa watu wawili si haki. Andikeni kwamba siku za notisi zinakoma pale chumba kinapopata mtu.

Kodi ikipanda katikati

Kodi iliyokwishalipwa haipandi. Mwenye nyumba akitangaza kwamba kuanzia 1 Januari kodi ni 110,000, na mpangaji amelipia hadi 17 Januari, bei mpya inamfikia tarehe 18. Iwapo mpangaji hajalipa bado na wamekubaliana tarehe mosi, mwezi wa 18 Desemba hadi 17 Januari ugawanywe: siku 14 za Desemba kwa bei ya zamani ni 40,645, siku 17 za Januari kwa bei mpya ni 60,323. Jumla 100,968. Vigawanyo vyote viwili ni 31, kwa kuwa mwezi huo wa kodi una siku 31.

Wanaochangia nyumba

Vyuo vikifunguliwa, Iyunga na Ikuti kule Mbeya, na Kihesa na Semtema kule Iringa, wanafunzi huchangia nyumba. Watatu wanapanga nyumba ya 180,000. Wawili wapo tangu 1 Novemba, wa tatu anafika tarehe 13, yaani ana siku 18 kati ya 30.

Njia inayopendwa ni kujumlisha siku zote walizokaa: 30 na 30 na 18 ni 78. 180,000 gawanya kwa 78 ni 2,307.69. Wa kwanza na wa pili wanalipa 69,231 kila mmoja, wa tatu 41,538. Inaonekana safi, na jumla inatimia, lakini imembebesha mgeni sehemu ya siku ambazo hakuwepo. Angalieni siku moja moja. Nyumba ni 6,000 kwa siku. Siku 12 za mwanzo walikuwa wawili, 3,000 kila mmoja, jumla 36,000 kwa kila mtu. Siku 18 zilizofuata ni watatu, 2,000 kila mmoja, jumla 36,000. Basi wenyeji ni 72,000 kila mmoja na mgeni 36,000. Hii ndiyo ya haki, isipokuwa wenyeji walimshikilia chumba kwa ombi lake; hapo alipe 60,000 zake kamili.

Maji, umeme na kodi ya jengo

Kinachopimwa kwa mita kisigawanywe kwa siku. Soma mita ya maji siku ya funguo, piga picha, na bili ya mwezi huo igawanywe kwa yuniti. Ada ya taka na mlinzi, ambazo hazina mita, zifuate siku kama kodi.

Umeme wa LUKU una jambo lake. Kodi ya jengo, ambayo ni wajibu wa mwenye nyumba, hukatwa mtu anaponunua umeme, na Julai 2023 ilipandishwa kutoka 1,000 hadi 1,500 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida. Chumba kikikaa wazi bila umeme kununuliwa, makato hurundikana. Mpangaji mpya ananunua umeme wa 10,000 mara ya kwanza na kushangaa yuniti ni chache. Mwambie mwenye nyumba anunue umeme hata kidogo kabla ya kukupa funguo, na utunze ujumbe wa makato yoyote utakayolipa mwenyewe. Yanatolewa kwenye hesabu ya kodi.

Kwa fremu za biashara Mwanjelwa au Kabwe, mpangaji anayewajibika kukata kodi ya zuio (ile ya serikali inayokatwa kwenye malipo ya pango) ya asilimia 10 aikate kwenye kiasi kilicholipwa kwa siku zile, si kwenye kodi ya mwezi mzima.

Kinachoandikwa kwenye risiti

Fungua kitabu cha risiti cha mwenye nyumba yeyote utakuta "kodi miezi 6, 540,000", sahihi, basi. Risiti hiyo haisemi inaanzia lini, na miezi minne baadaye ndiyo itakayowatoa nje ya uzio wakisemeshana. Mgogoro ukifika Baraza la Kata, tangu marekebisho ya sheria ya 2021 kazi ya baraza hilo ni kusuluhisha, si kutoa hukumu, na usuluhishi unategemea karatasi zilizopo mezani.

Risiti ya mpangaji wetu iandikwe hivi: "Nimepokea shilingi 580,600. Kati ya hizo 40,600 ni kodi ya siku 14, kuanzia 18 Oktoba hadi 31 Oktoba, siku zote mbili zikihesabiwa (90,000 × 14 ÷ 31). 540,000 ni kodi ya miezi sita, kuanzia 1 Novemba hadi 30 Aprili. Kodi inayofuata ni tarehe 1 Mei. Mita ya maji siku ya funguo: ___. Mita ya LUKU: ___." Sahihi mbili, na nakala ya kaboni ibaki kitabuni. Ukilipa kwa simu, andika maneno hayohayo kwa ujumbe mfupi mara baada ya muamala, na mwenye nyumba ajibu "nimekubali". Ujumbe wa muamala wenyewe unaonyesha fedha zimefika tu, hauonyeshi ni za siku zipi.